Mfuko wa rambo wa Mama Vitumbua

Mara ya tatu alianguka Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, mbele ya jiko lake. Kikaango kiko motoni, vitumbua saba vinaiva upande mmoja. Mjukuu wake wa miaka kumi na moja ndiye aliyemvuta mkono kumtoa karibu na makaa. Kovu la moto kwenye kiwiko cha bibi lipo mpaka leo. Majirani walipofika walimkuta amelowa jasho, kanga imemganda mwilini, macho wazi lakini maneno hayana kichwa wala miguu. Mmoja akasema presha imepanda. Mwingine akasema ni wale wale, na kila aliyekuwepo alielewa kuwa anasema majini. Wa tatu hakusema kitu. Alichota sukari ya vitumbua, akailowesha kwa maji, akawa anampaka ndani ya shavu kidogo kidogo mpaka akaanza kumeza mwenyewe.

Huyo wa tatu ndiye aliyemwokoa, si mimi. Bibi alipofikishwa kituoni kwetu kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na jirani, kipimo cha kidole kilisoma 2.9. Hapo ameshalambishwa sukari. Ikiwa chini ya 4 tunasema sukari imeshuka. Ikienda chini ya 3 ubongo unakosa chakula chake, na mtu anaweza kuonekana mlevi, mwehu au mwenye pepo, itategemea nani anamtazama.

Mimi ni afisa tabibu katika kituo cha afya kimoja cha mwambao wa mkoa wa Tanga. Mwenyewe ameridhia nikiandike kisa hiki kwa sharti kwamba nisitaje jina wala mtaa, na mambo madogo ya kumtambulisha nimeyageuza. Nitamwita Mama Vitumbua. Ana miaka 63, kisukari anacho kwa miaka tisa, presha kwa miaka sita.

Nianze na kosa langu, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Miezi mitatu kabla ya Jumatano ile nilimwona kwenye kliniki yetu ya Jumanne. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango mpaka chini ya mwembe. Sukari yake, saa nne asubuhi, ilikuwa 16.9. Nikafungua daftari lake: mwezi uliopita 15.4, mwezi wa nyuma yake 17.2.

"Mama, sukari haishuki. Masharti unafuata?"

"Nafuata, mwanangu."

"Dawa unameza?"

"Namaliza zote."

Nikamwongezea kidonge cha jioni, nikamwita anayefuata. Sidhani kama tulitumia dakika nne. Kipimo nilikisoma sawasawa na kitabu nilikifuata. Ila sikumuliza amekula nini asubuhi ile, saa ngapi, na kwa nini. Kidonge nilichoongeza mimi ni miongoni mwa vilivyomwangusha.

Siku hizi maneno "tiba ya mwili mzima" yamekuwa biashara. Ukipita mjini unakuta bango: mwili, akili na roho, na chini yake orodha ya bei za kusafisha figo, kusafisha damu, kuumikwa damu kwa chuku, mafuta, na makopo ya virutubisho. Anayeingia na maradhi mawili anatoka na vitu tisa vya kumeza. Nami kwa muda mrefu niliamini kwamba kuunganisha tiba ni kuongeza: cha hospitali, halafu cha mganga, halafu ushauri nasaha juu yake. (Jina lenyewe linatusumbua. Wengine husema tiba mseto, lakini mseto kwetu ni dawa ya malaria, na mgonjwa akisikia hivyo anauliza mbona hajapimwa. Mimi nasema tiba jumuishi, ingawa kwenye korido hakuna anayelitumia neno hilo.) Kisa cha mama huyu kilinifundisha upande wa pili wa jambo hili, kwamba kazi kubwa ni kukusanya vitu ambavyo tayari viko ndani ya mtu na ndani ya nyumba yake, kuvitandaza pamoja, kisha kutoa.

Basi siku ile, baada ya dripu ya glukosi na bakuli la uji, nilimwomba jirani aende nyumbani akalete kila anachomeza, anachokunywa, anachojipaka na anachojifukiza. Cha hospitali na kisicho cha hospitali, asichague. Alirudi na mfuko wa rambo mweusi, wa zamani, maana mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2019 na huu ulikuwa umefungwa mafundo ya miaka. Muuguzi akatandika kanga juu ya meza ya chumba cha vidonda, tukamwaga.

Vidonge vilikuwa vya aina saba kwa hesabu ya maboksi. Glibenklamaidi ya kushusha sukari, ya hospitali. Daonil, kutoka duka la dawa, siku ambayo hospitali dawa iliisha. Metformini. Amlodipini ya presha. Losartani, ya presha pia. Furosemaidi, ya kukojoza maji, aliyopewa kwenye zahanati ya huko alikokwenda kumzika binti wa shemeji yake. Na diklofenaki ya maumivu, pakiti nne, mbili zimeisha. Kisha vikaja vya upande wa pili: kopo la uwatu, unga wa majani ya mlonge, chupa ya maji ya mizizi iliyochemshwa, mafuta ya habasoda, na chupa ndogo ya kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani, bado yana rangi.

Mwanafunzi wa mazoezi aliyekuwepo akacheka alipoiona ile ya kombe. Muuguzi wetu, mama wa makamo, akamtazama mpaka akaacha. Katika vyote vilivyokuwa mezani, kombe ndilo pekee ambalo nilikuwa na hakika halijamdhuru.

Kosa la kwanza lilionekana hata kabla hatujakaa. Daonil ni jina la kibiashara, na ndani yake ni glibenklamaidi ile ile. Maboksi mawili, rangi mbili, majina mawili, dawa moja. Alikuwa anameza kidonge cha hospitali asubuhi, Daonil mchana, na kile nilichomwongezea mimi jioni: miligramu 15 kwa siku, kwa mwanamke wa miaka 63. Shirika la Afya Duniani lilishaonya kwamba glibenklamaidi haifai kwa waliovuka miaka 60, kwa sababu inakaa muda mrefu mwilini na ikishusha sukari, inaishusha kwa masaa mengi. Sisi tulimpa kwa sababu ndiyo iliyokuwa stoo.

La pili lilitaka uvumilivu zaidi, na ndilo ninalopenda kuwaonyesha wanafunzi. Miaka miwili iliyopita alianza amlodipini, miligramu 10. Dawa hii kwa baadhi ya watu huvimbisha vifundo vya miguu. Haina uhusiano na moyo wala figo, ni mishipa midogo inalegea na maji yanavuja. Miguu ikavimba. Huko alikokwenda kuzika, waliona miguu imevimba, wakampa ya kukojoza maji. Hakuna aliyeuliza uvimbe ulianza lini. Ndugu yake akiwa anajenga, mama huyu akabeba ndoo za maji, magoti yakachachamaa, duka la dawa likampa diklofenaki. Ikamfaa. Akaendelea nayo kila siku, mwezi wa tano sasa. Diklofenaki inazuia chumvi na maji visitoke, kwa hiyo presha inapanda. Presha ikipanda, kliniki inaongeza losartani. Ukiweka losartani, furosemaidi na diklofenaki ndani ya mtu mmoja, figo zinakuwa kama mtu aliyezibwa pua na mdomo kwa pamoja. Majibu ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, yalirudi kutoka hospitali siku mbili baadaye: 148. Kwa umri na umbo lake, figo zilikuwa zinafanya kama theluthi moja ya kazi.

Na figo zikidhoofika, glibenklamaidi haitoki. Inabaki na kuendelea kushusha sukari. Kwa hiyo kidonge cha goti, kwa kupitia figo, kilikuwa kinamwangusha mbele ya jiko alfajiri. Kila aliyemwandikia alikuwa na sababu nzuri ya kumwandikia, na kila mmoja alitazama kiungo chake. Mimi nilitazama sukari, mwingine miguu, mwingine goti.

Lakini bado kuna swali lililonikosesha usingizi. Kama sukari inashuka hivi, mbona kliniki tunasoma 16 na 17?

Jibu nililipata kwa kumuuliza asubuhi yake inavyokwenda, kuanzia anapofungua macho. Alieleza taratibu, kama anayeelekeza njia. Anaamka saa tisa usiku, anasaga mchele ulioloweka, anakuna nazi. Anakunywa maji ya uwatu kabla ya chochote, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Kisha kidonge cha asubuhi. Kisha mikono inaanza kutetemeka na moyo kwenda mbio. Hiyo yeye huiita "njaa ya moyo". Akiona hivyo anakunywa chai ya rangi yenye vijiko vinne vya sukari na vitumbua viwili vilivyoungua ambavyo haviuziki. Anapata nafuu. Kisha anafunga khanga ya pili, anakuja kliniki.

Saa nne tunampima. Ni 16.9. Tunaongeza dawa. Kesho yake mtetemo unakuwa mkali zaidi, na chai inakuwa ya vijiko vitano.

Nilimwomba daktari wa hospitali atusaidie kipimo cha HbA1c, ambacho kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Kikarudi asilimia 6.8. Yaani mgonjwa tuliyekuwa tunamwandika kila mwezi kuwa "sukari haijadhibitiwa" alikuwa na wastani ambao mgonjwa kijana angepongezwa nao. Ulikuwa wastani wa shimo na kilima.

Hapo ningeweza kufunga faili: ondoa dawa, mpe ushauri wa lishe, tarehe ya kurudi. Kilichonizuia ni uwatu. Nilitaka kumwona aliyempa.

Mganga wake ni shoga yake wa ujanani, mwanamke wa rika lake, ana cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lile lililoanzishwa na sheria ya mwaka 2002. Nilimtumia salamu kwa mhudumu wa afya wa mtaa. Akaja Ijumaa baada ya sala, akaketi kwenye benchi la wagonjwa pamoja na wengine wala hakutaka kupitishwa mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniita mahakamani?"

Nikamwambia mshtakiwa wa kwanza ni mimi, nikamwonyesha maandishi yangu kwenye daftari, kidonge cha jioni. Akavaa miwani, akasoma, akanirudishia bila neno. Nadhani hapo ndipo tulipoelewana.

Mimi si mshabiki wa tiba asili kwa kufumba macho. Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, na miongoni mwa waliokunywa walikuwemo walioacha dawa za kufubaza VVU wakiamini wamepona. Sijasahau. Ila pia siwezi kusahau kwamba metformini, dawa ya kwanza tunayoiandika kwa kila mgonjwa wa kisukari, chimbuko lake ni mmea wa kienyeji wa Ulaya, Galega officinalis, ambao watu wa huko waliutumia kwa karne nyingi kabla ya maabara kuuchambua. Nilimweleza habari hiyo. Akauliza unamea wapi, una maua gani, sehemu gani hutumika. Maswali ya fundi kwa fundi.

Kuhusu uwatu alikuwa anajua kinachotokea. "Unashusha. Ndiyo maana nampa." Na ni kweli: mbegu zile zina ute unaochelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu. Tatizo ni kuunywa mtu asiye na chakula tumboni, juu ya vidonge vitatu vya kushusha ambavyo mganga hakujua kwamba vipo, kama nami nisivyojua kwamba uwatu upo. Nikamuuliza, kama jambo dogo tu, mgonjwa wake hula nini usiku.

Akacheka kidogo, si kwa furaha. "Huyu hali. Ninyi mnampima kidole. Mimi nafunua sufuria."

Jioni ya Jumatatu nilikwenda nyumbani kwake na mhudumu wa afya. Chumba na ukumbi, ua wa makuti. Ukutani imetundikwa kanga moja iliyokunjwa vizuri, haivaliwi. Ni ya binti yake, aliyefariki miaka miwili iliyopita na kumwachia watoto watatu. Sufuria ilikuwa na ugali wa muhogo na dagaa wa kukaanga, umepimwa kwa jicho la mtu aliyezoea kugawa. Akapakua sahani moja kubwa, akawaita wajukuu, yeye akasogeza mswala. Sala ya Isha ikaisha, akaendelea na tasbihi, na tasbihi ikaenda mpaka vidole vya watoto vilipoanza kukwangua sahani. Kisha akaja, akabandua ukoko, akala vipande viwili vitatu na chai kavu. Na vidonge vyake vya jioni.

"Nashiba harufu ya vitumbua tangu alfajiri," aliniambia kabla sijauliza.

Nilikaa kimya, kwa kuwa sikuwa na la kusema. Nilikumbuka "masharti unafuata?" yangu. Karatasi zetu za lishe zina picha ya sahani iliyogawanywa: nusu mboga, robo nyama au maharage, robo wanga. Ni karatasi nzuri. Haina picha ya bibi anayesubiri watoto washibe.

Na hakuwa analala. Kuamka saa tisa kulikuwa ni kwa maelezo tu. Saa saba yuko macho, kwa sababu akilala anamwona binti. Tulimpitisha kwenye yale maswali tisa ya sonona, ya Kiswahili, na alama zake zilikuwa za mtu anayehitaji msaada. Alipoulizwa kama anahisi huzuni, alisema hapana, "ni mawazo tu". Mganga yeye alikuwa na jina lake: "Anakaa na maiti yake." Hitma ya binti, kisomo cha Kurani cha kumwombea marehemu, haikusomwa, kwa sababu hitma inataka wali, na wali unataka pesa.

Sasa tulichofanya. Dawa kwanza, kwa kushauriana kwa simu na daktari wa hospitali. Glibenklamaidi tulitoa yote, kwa majina yake yote mawili. Diklofenaki tukatoa. Amlodipini tukaipunguza nusu, na uvimbe wa miguu ulipoanza kupungua, furosemaidi ikakosa kazi ikaondoka. Losartani tuliisimamisha mpaka figo zipimwe tena, kisha tukairudisha kwa kiwango kidogo. Metformini tukaishusha hadi gramu moja kwa siku, kwa ajili ya figo hizo hizo. Alianza na vidonge vya aina saba. Akabaki na vitatu.

Goti ndilo lililonipa raha zaidi, nalo lilitatuliwa na fundi mwashi. Mama huyu kwa miaka thelathini amekaa juu ya mbuzi ya nazi na kigoda cha shubiri moja, magoti yamekunjwa kama panzi, masaa matatu kila alfajiri. Hakuna kidonge kinachoshinda hilo. Tuliomba matofali mabovu kwenye jengo lililokuwa likiendelea jirani, mwashi akanyanyua jiko mpaka usawa wa kiuno, na mbuzi ikafungwa juu ya benchi. Akapewa parasetamoli kwa siku mbaya, na zoezi moja: kukaa kitini, kunyoosha mguu, kuhesabu kumi, kushusha. Alilidharau zoezi hilo kwa wiki mbili nzima, mpaka mjukuu alipoanza kumhesabia kwa sauti.

Na mganga tulipatana hivi. Uwatu uwe chakula, uingie kwenye mchuzi au uji, usinywewe kwenye tumbo tupu. Mlonge upikwe kama mboga. Chupa ya mizizi isimame mpaka figo zirudi. Kuumika kusishuke chini ya goti, kwa kuwa miguu yake haihisi vizuri. Nilipomgusa wayo kwa uzi wa kupimia, sehemu nne hakuzijua. Ile dawa ya kuloweka miguu maji ya moto yenye majani, maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine, asipime yeye kwa mguu usiohisi. Kombe liendelee. Naye alikuwa na masharti yake kwetu, mawili. Tusimcheke mgonjwa aliyetoka kwake. Na akitutumia mtu, tumwandikie tuliona nini, maana kwa miaka yote anatutumia watu na hajawahi kupata jibu. La pili hilo lilinichoma. Mwaka 1978 huko Alma-Ata mataifa yalishaandika kwamba waganga wa jadi wanaweza kuwa sehemu ya timu ya afya ya msingi. Miaka yote hiyo imepita na sisi tumeshindwa hata kumjibu kwa nusu karatasi ya daftari.

Jambo la chakula ndilo lililokuwa gumu. Nilimwambia ale kwanza. Akasema sawa, mwanangu, na nikajua hatakula. Mhudumu wa afya akamwambia, akasema sawa. Jina lake likapelekwa serikali ya mtaa kwa ajili ya msaada wa kaya maskini, lakini hilo lina safari yake. Ndipo mganga alipomwekea mwiko. Siku arobaini, dawa hii haifanyi kazi mpaka mgonjwa ale wa kwanza, usiku, watoto wote wakimtazama, na asiinuke mpaka amalize. Akivunja siku moja, anaanza upya.

Akala.

Nimelifikiria sana jambo hili. Je, ni udanganyifu? Mwenzangu mmoja kituoni anasema ndiyo, kwamba mgonjwa ana haki ya kuelezwa sababu halisi. Sababu halisi nilimweleza mara tatu, na mchoro juu. Alikuwa anaielewa kabisa. Kilichomzuia si ujinga, ni kwamba bibi mwenye heshima hali kabla ya yatima. Mganga alimpa ruhusa ambayo mimi sikuwa na mamlaka ya kuitoa. Watoto nao, walipoambiwa ni mwiko, wakawa walinzi wakali kuliko muuguzi yeyote. Chakula chenyewe hakikuongezeka kimiujiza. Waliongeza kunde kwenye sufuria, na vitumbua vya mikopo vya vijana wa kijiweni vikasitishwa, jambo lililoleta kelele mtaani kwa wiki nzima.

Kuhusu usingizi, hatuna mtaalamu wa afya ya akili karibu. Nilikuwa nimesoma habari za Zimbabwe, ambako daktari wa akili Dixon Chibanda tangu mwaka 2006 aliwafundisha mabibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu, na utafiti uliotolewa mwaka 2016 ukaonyesha kwamba dalili zinapungua kweli. Sisi hatuna benchi wala mafunzo hayo. Tuna mhudumu wa afya mwenye subira, na mganga anayesuka ukili. Kila Alhamisi alasiri wanakaa uani kwake, wanasuka, wanaongea au hawaongei. Kisha wakasoma hitma. Uji wa mchele na kashata badala ya pilau, watu kumi na wawili. Usiku ule, alinisimulia, alilala mpaka adhana ikamwamsha, akachelewa vitumbua.

Miezi sita baadaye. Hajaanguka tena. Kreatinini imeshuka kutoka 148 hadi 109. Presha kutoka 172/96 hadi 148/86. Bado iko juu kidogo, na daktari wa hospitali amekubali tusiikimbize. Uzito umepanda kilo tatu. Na HbA1c imepanda kutoka 6.8 hadi 7.6.

Hiyo namba ya mwisho inanichekesha na kuniudhi kwa wakati mmoja. Kwa mtu wa umri wake, mwenye figo hizo na historia hiyo ya kuanguka, 7.6 bila mashimo ni bora mara kumi kuliko 6.8 yenye mashimo. Lakini ripoti yetu ya robo mwaka ina mstari uliochorwa kwenye 7. Wakati anaanguka kwenye makaa alikuwa upande wa waliofanikiwa. Sasa amehesabiwa kati ya walioshindikana, na hakuna safu ya kuandika kwamba amelala.

Si kila kitu kilikaa sawa. Sikukuu ya Idi alinunua diklofenaki tena, pakiti moja, akanificha, mjukuu akanionyesha. Ramadhani alifunga licha ya ushauri wangu, ila kwa kuwa kwa dawa za sukari amebaki na metformini tu hatari ilikuwa ndogo, na siku mbili alizotetemeka alifungulia bila kubishana. Mganga mwenyewe aliwahi kumuumika chini ya goti, kidonda kikachukua wiki tano kupona. Aliniletea habari hiyo yeye, kabla mgonjwa hajaja.

Mara ya mwisho alikuja na mfuko wa kitambaa, si rambo, na lalamiko jipya: tundu la sindano halioni. Nikamwandikia rufaa ya macho, maana miaka tisa ya kisukari lazima nyuma ya jicho itazamwe. Tukiwa tunasubiri tarehe, nikamuuliza kama bado anakula kwanza. Akasema ndiyo. Nikamkumbusha kwamba zile siku arobaini zilikwisha zamani.

"Kuhesabu najua, mwanangu," akasema. "Kliniki ya macho ni lini?"